Shajara ya Pijo 404: kurudisha rangi yake ya kwanza

Jumamosi, 11 Januari 2025, Moshi

Injini imekubali. Tangu Novemba nilikuwa nahangaika na kabureta na pampu ya maji, na leo nimelitoa gari nyumbani Majengo mpaka Mnara wa Saa na kurudi bila kuzimika hata mara moja. Sasa ni zamu ya rangi.

Gari lenyewe ni Pijo 404 ya mwaka 1969, ile yenye gia kwenye usukani na mapezi mawili nyuma yaliyochorwa na Pininfarina. Marehemu baba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1974, akiwa karani wa kahawa KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro. Alitaka Pijo na si gari jingine, kwa sababu ya Safari Rally. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, na mwenzake Chris Rothwell, walishinda mashindano yale mwaka 1966, wakarudia 1967, mara zote mbili kwa 404. Baba aliyafuata redioni, na mpaka anazeeka alikuwa akitusimulia lile tope kama mtu aliyelisukuma gari kwa mikono yake.

Leo gari ni jeupe. Rangi hiyo ilipigwa mwaka 1989, nikiwa darasa la tano. Imepauka, ukiipitishia kidole inatoa unga, na chini ya milango imevimba vipele. Lakini nilipovuta raba ya kifuniko cha buti nimekuta utepe wa rangi ya zamani, upana wa kidole: samawati iliyofifia, yenye kijivu kwa mbali, kama anga la saa moja asubuhi kabla mlima haujajifunika. Nimemwita mama aje aone. Ameinama, ameitazama kwa muda, akasema, "Hiyo ndiyo aliyokuja nayo kutuchukua hospitali ya KCMC, wewe ukiwa na siku tatu."

Kwa hiyo swali la rangi gani limekwisha.

Jumamosi, 25 Januari

Nimezunguka gereji tatu kwa wiki mbili. Ya kwanza ni ya hapa Moshi, wanapulizia chini ya mwarobaini. Siku nne, milioni 1 na laki 6. "Dada, itang'aa kama imeshuka melini leo." Nikamuuliza kama vioo vitatolewa. Akasema watabandika tepu. Kwa gari la biashara ambalo Jumatatu linatakiwa barabarani, kazi hiyo inafaa na bei ni ya haki. Kwa gari hili haifai. Rangi inayoishia kwenye raba ya kioo inaacha ukingo, maji yanapenya pale ukingoni, na baada ya masika mbili inaanza kunyanyuka.

Ya pili ni ya Arusha, safi, ina oveni ya kukaushia rangi na mapokezi yenye viti. Kazi zao nyingi ni za bima. Walinieleza bila kuzunguka kwamba gari la umri huu hawalichukui, kwa sababu ukianza kulifungua hujui litakwisha lini, na nafasi ndani ya oveni ni pesa. Nimewashukuru kwa kusema kweli.

Ya tatu ipo Unga Limited, kichochoro cha pili kutoka barabarani. Fundi mkuu ni mzee wa miaka kama sitini. Baada ya "shikamoo" na "marahaba" hakuzungumzia rangi kabisa. Aliingia ofisini, akatoka na sumaku ndogo aliyoivisha kitambaa laini ili isikwaruze, akaanza kuitembeza juu ya bodi polepole. Kwenye boneti iling'ang'ania. Kwenye paa iling'ang'ania. Chini ya mlango wa nyuma kushoto ikateleza ikaanguka. Akaiokota, akairudisha, ikaanguka tena. "Hapa hakuna bati, hapa kuna fila," akasema, yaani ile pasti ya kujazia mabonde ya bodi. Akapiga chaki. Alipomaliza nilihesabu duara kumi na moja, nyingi upande wa kushoto.

Nikamwomba bei. Akanipa ya rangi: milioni 6 na laki 2, pamoja na kufungua kila kitu, kubandua mpaka bati, praima (rangi ya chini), rangi na kufunga. Ya bodi akakataa kunitajia. "Nikikupa namba leo nitakuwa nakudanganya, au nitakuwa najidanganya mwenyewe. Tukishaliona bati tutaongea."

Nimemchagua kwa sababu ya kukataa huko. Yule wa kwanza alikuwa anauza mng'aro. Huyu alianza na kilichofichwa.

Jumamosi, 8 Februari, Arusha

Nimeliendesha mwenyewe, kilomita 80 hivi, mwendo wa 60. Boma Ng'ombe kijana wa bodaboda alinifuata pembeni akinionyesha dole gumba mpaka nje ya mji.

Makubaliano tumeyaandika, kurasa mbili, kila mtu na nakala yake. Asilimia 30 gari likiingia, 30 baada ya bati kunyooshwa, 30 baada ya praima, na 10 ya mwisho wiki mbili baada ya kulichukua. Sharti langu moja nimeliandika kwa mkono pembeni: hakuna bati litakalofunikwa kabla sijaliona kwa macho. Mzee amelisoma mara mbili, akaweka sahihi.

Jumamosi, 22 Februari

Limefunguliwa lote. Vioo, taa, bampa, vitasa, mikanda ya krome, viti. Kila nati imo kwenye mfuko wake wenye karatasi iliyoandikwa. Raba ya kioo cha mbele ilikuwa imekauka ikavunjika kama biskuti, na klipu za krome zimekatika saba. Nimeagiza raba Ufaransa. Itachukua wiki sita.

Jumamosi, 1 Machi

Nimeshinda Unga Limited kutwa nzima, na nitaandika kirefu maana ndiyo siku niliyoielewa kazi hii.

Nilidhani watapuliza mchanga, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka. Mzee alinieleza kwamba mchanga ni wa chesisi na vyuma vizito. Ukiupiga kwenye boneti au paa, ambako bati ni jembamba na pana, unalivuta na kulipasha moto mpaka linakunjamana, na mkunjo wa namna hiyo haunyooki tena. Kwa hiyo sehemu pana wanazipaka dawa ya kubandua. Unaipaka kwa brashi, unaiacha, na baada ya robo saa rangi inajikunja yenyewe kama ngozi ya maziwa, halafu unaikwangua. Kwenye kona wanatumia msasa na brashi ya waya.

Niliomba nikwangue kipande cha madigadi ya kushoto. Tabaka zilitoka moja baada ya nyingine na kila moja ilikuwa na umri wake: nyeupe, nyeupe nyingine yenye umanjano, praima ya kijivu, chini yake samawati, na chini kabisa chuma kikavu kisicho na doa, kinachong'aa kama kisu. Pale ambapo rangi ya kiwanda haikuguswa, miaka 56 haijakiharibu chochote.

Kisha tukafika chini ya mlango wa nyuma kushoto. Fila ilikuwa nene kama kidole gumba changu. Kijana aliitia patasi ikatoka bonge zima, na upande wake wa ndani ulikuwa na unyevu. Fila inakunywa maji, na hii ilikuwa inakunywa tangu 1989. Nyuma yake hapakuwa na bodi. Palikuwa na kipande cha bati la nyumba, bati la mgongo wa paa lililogongwa likawa bapa, limeshikizwa kwa ribiti nne. Walipoliondoa, ndani ya ukingo wa chini wa milango mlikuwa mmeshindiliwa magazeti kuzuia fila isidondokee ndani. Nilivuta kipande kimoja. Kilikuwa kimeshikana kama mkate uliolowa, lakini herufi zilikuwa bado zinasomeka.

Baba alilipia ile kazi. Nakumbuka alivyoipangia bajeti msimu mzima wa kahawa, na siku lilipokuja alivyotupanga watoto wote mbele ya gari tupigwe picha. Fundi aliyepiga ile rangi hata simjui, na sidhani kama yu hai. Nimekasirika hata hivyo, na nimekaa nayo njia nzima kwenye Coaster ya kurudi Moshi. Mtu alimwangalia baba yangu usoni akapokea pesa yake huku akijua ndani kuna karatasi.

Jambo la mwisho kwa leo. Ilipofika saa tisa mzee alisimamisha ubanduaji, ingawa upande wa kulia ulikuwa haujaguswa. "Bati tupu halilali," akasema. Unyevu wa usiku mmoja tu unatosha kulitia kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, na ukifunika juu yake umefungia ugonjwa ndani. Kwa hiyo waliosha kwa thina, wakakausha, na kabla ya magharibi upande wa kushoto ulikuwa umeshapigwa praima ya epoksi, isipokuwa pale pa kuchomelea. Hapo walipaka mafuta mepesi.

Jumanne, 4 Machi

Bei ya bodi imekuja: milioni 1 na laki 9. Kukata chini ya milango pande zote mbili, sakafu ya buti kiraka kimoja, na pembe ya madigadi. Bati jipya la milimita moja. Nimelipa. Pikipiki niliyokuwa nadunduliza itasubiri.

Jumamosi, 15 Machi

Kuchomelea kumekwisha. Wanatumia mashine ya gesi, nukta moja hapa, nyingine pale mbali, wanasubiri ipoe, ndipo wanarudi. Ukikokota moto mstari mmoja mrefu bati linajikunja. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango, ambavyo mwaka ule vilizibwa na fila, vimefunguliwa. Ndani ya ukingo wamepulizia nta ya kuzuia kutu mpaka ikachuruzika kwenye vitundu. Nimeviangalia kimoja kimoja kwa tochi ya simu.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nimefundishwa kuona kwa kiganja. Fila mpya inakaa juu ya epoksi, nyembamba, haizidi milimita mbili. Wakiisugua wanaipulizia ukungu wa rangi nyeusi, kisha wanapita juu na msasa uliofungwa kwenye ubao mrefu. Palipo juu weusi unatoka, palipo chini weusi unabaki, na hapo ndipo unapopajua. Lakini mzee hakutazama weusi. Alitandika kitambaa chepesi cha pamba kwenye mlango, akaweka kiganja juu yake, akafumba macho, akakisogeza taratibu kutoka bawaba kuelekea kitasa.

"Weka wako." Niliweka. Sikusikia kitu. "Rudi polepole, usikandamize." Mara ya tatu, karibu na kitasa, nikasikia mkono unashuka kidogo mno, kama unapopita kwenye zulia lililotandikwa juu ya tope lililokauka. Aliniangalia, akatikisa kichwa kukubali, akapiga chaki.

Mvua zimeanza. Mlima Meru haujaonekana wiki nzima.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefika bila taarifa nikakuta Pijo uani, chini ya turubai, na turubai limechanika juu ya paa. Lilikuwa nje siku tano. Ndani kulikuwa na gari mbili za hoteli za kitalii zilizotakiwa kabla ya Pasaka.

Tayari lilikuwa na praima ya kujaza, ile ya kijivu inayosuguliwa kabla ya rangi. Praima hiyo ina vinyweleo. Inaficha mikwaruzo vizuri lakini maji yanapita, tofauti na epoksi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha hilo mwezi uliopita, kwa hiyo nilimrudishia maneno yake. Nilijitahidi kuongea kwa heshima maana ni mtu mzima, lakini sauti ilipanda. Nilimwambia nimekubali kuchelewa, nimekubali bei ya bodi bila kuvutana, na kitu kimoja tu nilichoomba ni bati hili lisifungiwe maji kwa mara ya pili.

Hakujitetea. Aliwaita vijana, wakaliingiza ndani palepale, la hoteli likatoka. Akasema watalikausha ndani ya oveni, watasugua praima yote mpaka kwenye epoksi, na watarudia kwa gharama ya gereji. Tumeandika kwenye nakala zote mbili. "Umenishika pabaya, dada, na una haki," alisema. Nimeikubali samahani yake, na nimeongeza safari zangu: sasa ni kila Jumatano na Jumamosi.

Jumamosi, 3 Mei

Samawati imepatikana, kwa jaribio la tatu. Duka la kuchanganya rangi lina mashine ya kusoma rangi, unaiweka juu ya kipande inakupa mchanganyo. Shida ni kwamba inasoma kilicho juu, na kilicho juu kimeshafifia. Jaribio la kwanza lilitoka la kijivu, maiti kabisa. Tukachukua kifuniko cha buti, tukapolishi ule utepe chini ya raba kwa dawa mpaka rangi hai ikatokea, ndipo tukaipima tena. La pili lilielekea kijani. La tatu lilipopulizwa kwenye kadi nilitembea nalo kutwa: juani saa sita, kivulini, na jioni chini ya taa. Kadi nyingine nilimpelekea mama. Aliisimamisha dirishani kando ya picha ya zamani. "Ndiyo yenyewe."

Tulibishana na mzee juu ya klia, ile vanishi isiyo na rangi. Yeye alitaka rangi kisha klia juu, kwa kuwa jua letu ni kali na klia inakinga. Mimi nilitaka rangi ya hatua moja iliyochanganywa na hadina (dawa ya kugandisha), yenye mng'aro wake ndani yake. Magari mengi ya mwaka 1969 hayakuwa na klia, na klia kwenye mapezi yale inafanya gari lionekane limelowa. Aliniuliza gari litalala wapi. Nikamjibu ndani ya banda. "Basi hatua moja itakufaa, lakini usiliache juani kama kondoo."

Jumamosi, 24 Mei

Siku yenyewe. Waliosha sakafu ya chumba wakaiacha ikiwa mbichi ili vumbi lisinyanyuke. Bodi ilifutwa kwa dawa ya kutoa mafuta, kitambaa kimoja chenye dawa na kingine kikavu nyuma yake, kabla haijakauka yenyewe. Mtu yeyote aliyeshika polishi ya silikoni asubuhi hiyo hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu tone lake tu linaifanya rangi ikimbie na kuacha vitundu kama macho ya samaki. Mzee alitoa maji yaliyokusanyika kwenye mtego wa kompresa, akachuja rangi, akavaa.

Nilifurahi kumwona akivaa. Hadina ya rangi hizi ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, na ukizivuta muda mrefu mapafu yanajenga mzio usiopona. Alikuwa na kinyago chenye bomba la hewa safi kutoka nje, na aliyemsaidia pia. Nilishaona vijana wengi mno wakipulizia hadina wakiwa wamefunga leso mdomoni.

Nilitazama kupitia kioo cha mlango. Alianza na paa. Mkono haukuwa unapinda, ulikuwa unatembea na mwili wote, bunduki ya rangi ikibaki umbali uleule wa shubiri moja kutoka kwenye bati, kila mpigo ukifunika nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa mwepesi, bado unaona kijivu chini. Akasubiri dakika 20. Mkono wa pili ukaleta rangi. Wa tatu ulipopita kwenye pezi la nyuma nililiona likijinyoosha lenyewe, vitone vikiyeyukia ndani ya vingine mpaka taa ya darini ikaandikika juu yake mstari mmoja, mwembamba, usiotetemeka.

Nililia. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha oveni, nyuzi 60, nusu saa.

Jumamosi, 31 Mei

Kasoro mbili. Chembe za vumbi kwenye boneti, kama tano, na chozi la rangi chini ya mlango wa dereva. Chembe zimesuguliwa kwa msasa wa maji namba 2000 na kupolishiwa, hazionekani. Chozi tumeliacha wiki moja ligande vizuri ndipo likatwe, maana ukilikata mapema linachanika na kung'oa rangi ya jirani.

Jumamosi, 21 Juni

Raba ya kioo ilifika ikiwa imechelewa wiki tatu, lakini imekaa. Krome imerudi, klipu mpya. Tumepitisha kipimo cha unene wa rangi sehemu kumi na mbili. Kila mahali ni kati ya mikroni (sehemu za elfu za milimita) 160 na 240, na chini ya mlango wa nyuma kushoto, pale penye duara la kwanza la chaki, ni 210.

Jumapili, 22 Juni, Moshi

Limerudi. Mama alikuwa anasubiri barazani tangu saa nne na kitenge chake cha kanisani. Hakuingia kwanza. Alizunguka mpaka nyuma kushoto, akainama, akapitisha mkono chini ya mlango kutoka bawaba kuelekea kitasa, polepole, bila mtu kumfundisha.

Yaliyobaki: asilimia 10 ya mzee, nitampelekea tarehe 6 Julai. Hakuna nta mpaka mwezi wa nane, rangi imalize kupumua. Kopo la rangi iliyosalia, lita moja na nusu, nimelifunga kwa tepu na kuandika tarehe na mchanganyo wake juu, lipo rafu ya juu bandani. Kipande cha gazeti nimekiweka ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na ribiti nne, kwenye kisanduku cha dashibodi.

Wiki ijayo natafuta kitambaa cha viti.